Kiharusi kwa watoto wenye selimundu: Jibu hutafutwa kwa mikoa kushikana mikono



Tukisikia neno kiharusi, wengi wetu fikra humwendea mzee mwenye shinikizo la damu, aliyeamka asubuhi upande mmoja wa mwili umelegea na mdomo umekwenda kando. Ni kweli kwamba shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya maradhi haya kwa watu wazima. Lakini katika ukanda wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita, wapo pia watoto wadogo, wa miaka mitano, saba au kumi, wanaopatwa na kiharusi. Mtoto akilegea mkono ghafla, wapo wanaosema amerogwa, wengine husema amepitiwa na upepo mbaya, na wengine hudhani ni degedege. Siku zinakwenda kwa waganga, na ubongo unaendelea kuumia.

Moja ya sababu kubwa za kiharusi kwa watoto wa huku kwetu ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Habari njema ni kwamba kiharusi hiki mara nyingi kinaweza kuzuiwa kabla hakijatokea. Hata hivyo, elimu hiyo haikupatikana katika hospitali moja wala kwa daktari mmoja. Imepatikana kwa familia nyingi za mikoa mingi kukubali watoto wao waingie katika utafiti. Leo tuone jambo hili linavyokwenda, na nafasi ya kila nyumba ndani yake.

Ugonjwa wenyewe na ukubwa wake

Mtoto huzaliwa na selimundu aina iliyo kali zaidi pale anaporithi kinasaba cha ugonjwa huo kutoka kwa baba na kwa mama pia. Akirithi kwa mzazi mmoja tu huwa ni mbebaji: kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kukirithisha kwa wanawe. Kwa mgonjwa, chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, hushikamana na kuziba mishipa midogo. Ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano, na kwa baadhi yao kiharusi.

Katika mikoa ya kaskazini magharibi mwa nchi yetu hali ilipimwa kwa njia ya busara sana. Wauguzi wa zahanati na vituo vya afya walikuwa tayari wakichukua matone ya damu ya watoto wachanga kwenye karatasi maalumu, kwa ajili ya kipimo cha virusi vya Ukimwi, na kuyapeleka katika maabara ya hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Watafiti wakayatumia matone hayo hayo kupima selimundu, bila kumchoma mtoto sindano nyingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa kati ya sampuli 17,200, wabebaji walikuwa asilimia 20.3, na wenye ugonjwa wenyewe asilimia 1.2.

Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano ni mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hesabu hiyo, katika kila watoto mia moja wanaozaliwa, takriban mmoja ana selimundu. Zingatia wodi ya wazazi ya hospitali yoyote ya mkoa, na utaona kuwa hili si jambo dogo.

Kwa nini hospitali moja haitoshi

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionesha kwamba, pasipo kinga, takriban watoto 11 katika kila 100 wenye aina hiyo kali ya selimundu hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Sasa tuseme hospitali moja ina wagonjwa hamsini. Kwa mwaka mzima huenda asionekane hata mmoja mwenye kiharusi. Daktari akiwapa dawa na mwaka ukapita salama, atajuaje kama ni dawa iliyosaidia au ni mwaka tu ulikuwa mzuri? Kwa hiyo ni lazima wagonjwa wakusanywe kutoka sehemu nyingi, wapimwe kwa utaratibu mmoja, na hesabu zao ziunganishwe.

Ndivyo ilivyofanyika Marekani katika miaka ya 1990. Kiko kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo. Ukiubana mpira wa maji, maji hutoka kwa kasi zaidi. Vivyo hivyo mshipa wa ubongo unapokuwa mwembamba, damu hupita kwa kasi. Mwendo ukifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yumo katika hatari kubwa. Vituo zaidi ya kumi vilishirikiana, wakapimwa watoto karibu 2,000, na kati yao wakapatikana 130 waliofaa kuingia katika utafiti. Nusu yao waliongezewa damu kila mara, na wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Kundi la huduma ya kawaida walipata kiharusi 11, na waliokuwa wakiongezewa damu alipata mmoja tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe kinga hiyo.

Zingatia hapo, msomaji: wamepimwa karibu elfu mbili ili wapatikane 130. Mji mmoja ungewapata wapi? Baadaye, mwaka 2013, nchi hiyo iliunda mtandao maalumu wa tafiti za kiharusi uitwao StrokeNet, wenye vituo vya kanda, na kila kituo huunganisha hospitali za jirani yake ili mgonjwa wa mji mdogo naye afikiwe.

Mwanza nako kazi ilifanyika

Kwetu kuongezewa damu kila mwezi ni jambo gumu, kwani damu salama haitoshi hata kwa akina mama wanaojifungua. Kwa hiyo watafiti waliigeukia dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Hospitali ya Bugando kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, iliendesha utafiti ulioitwa SPHERE. Kati ya Aprili 2019 na Aprili 2020 waliandikishwa watoto 202 wa umri wa miaka 2 hadi 16. Katika watoto 196 waliothibitika kuwa na ugonjwa, 47 walikutwa na mwendo wa damu uliopita kiasi. Hao ni karibu robo ya wote, na mzazi asingeweza kulijua hilo kwa kumtazama mtoto kwa macho.

Watoto 45 walianzishiwa dawa. Baada ya miezi 12, mwendo wa damu ulikuwa umeshuka kwa wastani wa sentimita 35 hivi kwa sekunde, na hakuna aliyepata kiharusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Ikumbukwe kwamba utafiti huu haukuwa na kundi lisilopewa dawa la kulinganisha nalo, kwa hiyo si neno la mwisho. Lakini unakwenda pamoja na tafiti nyingine za Afrika. Mmoja ulifanyika Kano na Kaduna huko Nigeria. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2019, ulikusanya watoto zaidi ya 600 wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na ukaonesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo.

Somo la Hai na Dar es Salaam

Pengine utauliza: mgonjwa wa kijijini anapatikanaje ikiwa hajafika hospitali? Tanzania ina jibu lake. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 ulifanyika utafiti wa kiharusi kwa watu wa wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam. Watafiti hawakukaa wodini kusubiri. Waliweka watu wao ndani ya jamii wa kutoa taarifa, wakashirikiana na hospitali na vituo vya afya, na kwa aliyefariki waliwahoji ndugu zake kwa utaratibu maalumu ili kujua kama alikufa kwa kiharusi. Wakapata viharusi 636, ambavyo 453 ni vya Hai na 183 vya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, ilibainika kuwa kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu duniani. Kama wangehesabu waliolazwa tu, wale waliofia majumbani wasingejulikana.

Kinachotuzuia Shinyanga na Geita

Kikwazo cha kwanza ni umbali. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilomita 160 hivi, na anayetoka kijiji cha ndani hulala njiani. Anayetoka Geita alikuwa akisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Alhamdulillah, tangu Juni 2025 lipo daraja. Lakini nauli bado ni nauli, na mtafiti mwaminifu huiweka katika bajeti yake ili maskini asiachwe nje.

Cha pili ni maisha ya machimboni. Baba hufuata dhahabu ilikosikika, leo Nyarugusu, mwezi ujao Kakola au Katoro, na familia nyuma yake. Mtoto aliyeandikishwa hupotea, namba ya simu imebadilika. Mgonjwa asiyerudi kupimwa huacha pengo katika hesabu, na vilevile yeye mwenyewe huikosa dawa. Dawa hailetwi ukaimeza tu: ni lazima damu ipimwe mara kwa mara ili kiwango chake kiwe sawa. Kwa sababu hiyo mzazi anayehama aache namba ya jamaa asiyehama, na aombe barua ya kituo cha afya cha karibu na anakokwenda.

Cha tatu ni hofu. Zile hadithi za mumiani bado zimo vichwani, na akitajwa mtu anayetaka damu kwa utafiti, watu hufunga milango. Hofu hii haiondolewi kwa kukemea, bali kwa maelezo.

Haki ya mzazi

Utafiti wa afya unaofanywa kwa watu hapa nchini ni lazima uwe na kibali cha maadili, na katika ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ukiwa wa kujaribu dawa, huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Usiogope kuomba kuoneshwa kibali. Uliza damu kiasi gani itachukuliwa na itakwenda wapi. Uliza madhara ya dawa. Uliza nani atalipia matibabu mtoto akidhurika, na utafiti ukimalizika dawa itaendelea kutoka wapi. Una haki ya kukataa, na una haki ya kumtoa mtoto wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Mtoto aliyekwisha kupata akili ya kuelewa naye aulizwe. Ridhaa ya kushinikizwa si ridhaa.

Tufanye nini majumbani na misikitini

Mosi, mtoto apimwe. Utafiti hauwezi kumfikia asiyejulikana, na kinga pia haiwezi. Dalili kama mikono na miguu kuvimba kwa mtoto mchanga, macho ya manjano na kupungukiwa damu mara kwa mara zisipuuzwe.

Pili, vijana wapime kabla ya ndoa, hususan wanaooana watoto wa ami au wa shangazi, kwani wenye babu mmoja huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kinasaba kimoja. Kipimo hiki hakiharamishi ndoa. Huwapa wahusika elimu ya kuamua.

Tatu, mgonjwa anywe maji mengi na safi, alale ndani ya chandarua, anawe mikono kwa sabuni na akamilishe chanjo. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mgonjwa wa selimundu amwone daktari kwanza kuhusu kufunga, kisha amuulize sheikh wake, kwani kukaukiwa maji mwilini huweza kumletea maumivu makali.

Nne, maimamu na walimu wa madrasa walitangaze jambo hili. Tangazo la dakika mbili baada ya swala ya Ijumaa linafika mahali ambapo gari la utafiti halifiki. Mwalimu wa madrasa anayemwona mtoto akiandika kwa shida ghafla, au akivuta mguu, amwite mzazi siku hiyo hiyo.

Tano, tujue dalili: mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka, kifafa, au kichwa kuuma sana ghafla. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimpe chakula wala kinywaji, kumbuka saa dalili zilipoanza, na umkimbize hospitali. Usianzie kwa mganga.

Ndugu zangu, mzazi wa Nyarugusu na mzazi wa Shinyanga hawafahamiani, lakini jibu linalomlinda mtoto wa mmoja huenda likapatikana kwa mtoto wa mwenzake. Mtoto ambaye hajapimwa hana pa kuanzia, si katika utafiti wala katika tiba, na kipimo hicho ni tone moja la damu. Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.