Kukana Imani Kabla ya Kaburi

Kwenye misiba ya Sanya Juu, Kilimanjaro, turubai likiwa bado halijasimama, kuna kikao kidogo hufanyika pembeni, chini ya migomba. Wapo mzee wa kanisa, baba mdogo wa marehemu, na mtoto aliyefika alfajiri kwa basi la Dar es Salaam. Swali ni moja: marehemu alikuwa anasali wapi? Jibu likichelewa, mzee anauliza bahasha zake za ahadi za sadaka kanisani. Hapo kila mtu anaelewa kinachoamuliwa: mchungaji atakuja na joho lake, au ukoo utazika wenyewe.

Ndiyo maana ukiuliza huku mtu akiacha Ukristo anapoteza nini, wengi watakujibu: maziko. Lina historia jibu hilo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kutumika huko, kwa vipindi, hadi 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa lijengwe humo humo. Usharika ukashikamana na kihamba, shamba la ukoo. Anayetoka kanisani anajiona ametoka na kwao pia.

Hiyo ni hasara ya kijamii, na inauma. Ya kiroho ni nyingine, na ili kuiona inabidi tuache kuwaweka watu wote kwenye kapu moja. Kijana ambaye Pasaka kadhaa zimempita bila kukanyaga kanisa amelegea. Aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa kuishi na mwenzi bila ndoa yuko chini ya nidhamu ya kanisa, lakini imani hajaiacha. Aliyehama Ulutheri akaenda kwa Wapentekoste hajakana chochote, hata shangazi zake walie vipi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema mkana imani ni mbatizwa aliyeikataa imani ya Kikristo yote. Hao si wengi kama tunavyowahesabu msibani.

Sasa, huyo aliyekana kweli anapoteza nini? Mafundisho ya Kikristo hayasemi kwamba Mungu anaacha kumpenda. Yanasema moyo huwa mgumu, taratibu, mpaka mtu anashindwa kupokea kile ambacho bado anapewa. Mimi ningeongeza jambo ambalo wachungaji huliona kwenye mazungumzo ya faragha: wengi wakiondoka hubeba amri na kuuacha msamaha. Kosa bado linamsumbua usiku, ila hana tena wa kumwambia. Akipata mtoto salama, shukrani inamjaa kifuani na haina pa kwenda. Kwa mtu aliyelelewa akisali kabla ya kila mlo, huo ni upweke ambao rafiki wala mke hauzibi.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unatisha zaidi. Unaonekana kusema kwamba aliyeonja neema kisha akaanguka harudi tena kwenye toba. Luther mwenyewe, katika dibaji yake ya waraka huo, mwaka 1522, alilalamika kwamba hapo pana fundo gumu. Wachungaji wengi hulifungua hivi: waraka uliandikiwa watu waliochoka, ili wasikate tamaa, na anayekosa usingizi akihofia kwamba amevuka mpaka, moyo wake bado unasikia.

Kanisa la Afrika lilikutana na suala hili mapema sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe cheti. Baadhi ya vyeti hivyo vimechimbuliwa Misri. Kule Karthago, Afrika Kaskazini, Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walihonga wakapata cheti bila kutoa. (Sisi tunadai bahasha kuthibitisha kwamba mtu alikuwa Mkristo, wao walinunua karatasi kuthibitisha kwamba hawakuwa. Karatasi haijawahi kuwa shahidi mzuri wa moyo.) Mateso yalipopoa, walirudi wakilia. Novatian, huko Roma, alisema wasipokelewe kamwe. Askofu Sipriani wa Karthago na wenzake, katika mtaguso wa mwaka 251, walipima kila kosa kwa uzito wake: wa vyeti wangeweza kurudishwa baada ya kuchunguzwa, waliotoa sadaka wangoje mpaka saa ya kufa.

Huo msimamo wa kungoja saa ya kufa ndio tuliourithi bila kujua. Tunamwita mchungaji kitandani, hospitali ya KCMC, mgonjwa akiwa hawezi kusema, ili arudi kundini na maziko yasiwe na maneno. Lakini Sipriani hakuishia hapo. Muda si mrefu, tetesi za mateso mapya ziliposikika, maaskofu walewale walikutana tena wakawafungulia mlango wote waliokuwa wakitubu, wakiwa wazima. Waliona kwamba mtu anaihitaji Meza ya Bwana kabla ya jaribu, imtie nguvu ya kulikabili.