Meli ya Goma: ziwa zuri, jile haba

Sisi wa sendika hapa Nyangezi tulipandaka meli ya usiku, Bukavu mpaka Goma. Kusema kweli ilikuwa tamu: hakuna vumbi, hakuna mashimo ya barabara, sambaza za moto, asubuhi Nyiragongo iko mbele yetu. Lakini jile hazikutosha, na majina yetu hakuna aliyeandika. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilizama karibu na Kituku ikitoka Minova, imejaa kupita kiasi. Hesabu ya wafu ikaleta ubishi. Sisi wa shimoni tunajua kazi ya orodha: udongo ukianguka, ndiyo inasema nani amebaki chini. Kurudi, tulidai jile kwanza, ndipo tukalipa. Tulipewa. Mama mwenye mtoto nyuma yetu, ye aliambiwa zimeisha.