Risasi Isiyo na Bunduki

Ndugu msomaji, ukisikia neno risasi, bila shaka utafikiria bunduki. Lakini iko risasi nyingine: madini mazito, laini, yanayopatikana ndani ya betri za magari na katika baadhi ya rangi za zamani za nyumba. Hii haina mlio, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Sisi wa Mji wa Kale hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ukivuka Makupa ukashika njia ya Mikindani, utafika mtaa wa Owino Uhuru. Huko, mwaka 2007, kilianzishwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ubavuni mwa nyumba za watu. Moshi na vumbi vikaingia majumbani. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aliuguliwa na mwanawe mchanga. Alipopimwa damu, ikakutwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi, akasimama kupigania wanamtaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, amri hiyo ikatenguliwa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Sasa, kwa nini watoto? Kwanza, mtoto hutambaa chini, na mkono ukitoka chini huenda mdomoni. Pili, tumbo lake hufyonza risasi mara 4 au 5 zaidi ya la mtu mzima. Tatu, ubongo wake ungali unakua, na risasi huuvuruga. Mtoto huwa mzito wa masomo, damu humpungukia, na ikizidi hupata degedege, hata kufa. Shuleni ataitwa mjinga, kumbe maskini ni mgonjwa! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kisichodhuru.

Basi tufanyeje? Anayeyeyusha risasi ya chubwi za kuvulia asifanye hivyo uani wanapocheza watoto, wala kwa sufuria ya jikoni. Betri kuukuu isivunjwe nyumbani. Mlango wa zamani ukikwanguliwa rangi, vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likavu. Tuwanawishe wadogo zetu mikono kabla ya kula. Mtoto akishukiwa, apelekwe hospitali apimwe damu mapema, kwani dawa yaweza kuipunguza risasi mwilini, lakini ubongo ulioharibika haurudi.

Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.