Tairi Linalopoteza Upepo Polepole: Namna ya Kulitafuta na Kulitengeneza



Mtashangaa kuona ukurasa wa afya unasema juu ya matairi. Mtauliza: je, muganga wetu amegeuka fundi wa garaji? Hapana. Ninaandika kwa sababu watu wengi wanaoletwa kwangu juu ya machela hawakuumizwa ndani ya mgodi, bali barabarani. Tena ninaandika kwa sababu ya usiku mmoja ambao sijausahau.

Wakati ule nilikuwa katika dispensari ndogo, kati ya Masisi na Walikale. Motokari yetu ya wagonjwa ilikuwa na tairi moja la nyuma ambalo kila asubuhi tulilikuta limelegea. Shofere alilipiga pompi, nami niliona, nikanyamaza. Tulisema, «Tutalitazama Jumamosi.» Usiku wa Alhamisi aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto amelala upande tumboni. Tuliondoka mbio kwenda hospitali. Baada ya kilometa kama 20 tairi liliisha kabisa. Tukashusha gurudumu la akiba, nalo halikuwa na upepo. Tulingoja kamio karibu saa nne. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Msumari tuliouchomoa katika tairi lile ulikuwa mfupi kuliko ukucha wangu.

Basi, msomaji, soma maneno haya kama vile unavyosoma juu ya malaria.

UPEPO UNATOKA WAPI?

Hata tairi zima hupoteza upepo kidogo, kama moja ya kumi ya kilo kwa mwezi. Hilo si ugonjwa. Lakini tairi linalopoteza kiasi hicho kwa siku moja au kwa juma moja lina tundu. Pahali pa kutafuta ni hapa:

1. Msumari, waya au jiwe kali lililoingia katika uso wa tairi. Kwetu mawe hayakosekani: anayetoka Goma kwenda Sake anapita juu ya mawe ya moto wa Nyiragongo, na yanakata kama kisu.
2. Valvu: sindano yake ya ndani imelegea au imeingia mchanga, ama shina lake la mpira limepasuka.
3. Janti: imepinda kwa kugonga shimo, au imeota kutu pale ambapo mdomo wa tairi unakaa. Matope ya barabara ya Walikale husaidia sana kutu hiyo.
4. Kiraka cha zamani kilichoanza kubanduka.

Chukudu peke yake, ndugu yangu, haina upepo wa kupoteza. Lakini motokari, pikipiki na baiskeli zote zina ugonjwa huu.

SABABU GANI NI HATARI?

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujinyoosha kila linapozunguka. Kujikunja huko kunaleta joto. Joto linalegeza mpira na nyuzi zilizo ndani, mwisho tairi linapasuka, mara nyingi wakati kamio imejaa na inateremka mlima. Zaidi ya hayo, usukani unavuta upande mmoja na breki hazishiki sawasawa.

PIMA ASUBUHI

Pima kwa manometa asubuhi, kabla motokari haijatembea. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa shofere au katika kitabu cha motokari. Andika kilo za kila tairi katika daftari, na usisahau gurudumu la akiba. Pima tena kesho, na kesho kutwa. Tairi linaloshuka peke yake wakati mengine yamesimama, ndilo lenye ugonjwa.

Jambo moja la kwetu. Milima ya Masisi inapita mita 2,000, na kuna baridi. Walikale iko chini ya mita 1,000, ndani ya pori, na kuna joto. Ukishuka mita 1,000, manometa hupungua karibu moja ya kumi ya kilo, kwa sababu hewa ya nje inabana zaidi. Joto nalo hupandisha kipimo: nyuzi 10 zaidi huongeza karibu moja ya kumi ya kilo kwa tairi la motokari ndogo, na zaidi kwa tairi la kamio. Kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi lenye moto kwa kuona manometa imepanda. Ngoja lipoe, ndipo upime.

TAFUTA KWA SABUNI

Chukua kopo la maji, tia sabuni, koroga mpaka lifanye povu. Jaza tairi upepo kwa kipimo chake. Anza na valvu: toa kifuniko, weka povu juu yake. Likivimba, umempata mwizi. Kisha paka shina la valvu, halafu mzunguko wote pale tairi linapokutana na janti, pande mbili, halafu uso na mbavu za tairi. Zungusha gurudumu polepole. Tundu dogo huchelewa. Ngoja dakika kadhaa, utaona povu jeupe linakua. Tia alama ya chaki.

Kama tairi lina mpira wa ndani, utoe, ujaze upepo kidogo, uuzamishe katika beseni la maji kipande kwa kipande. Mahali panapotoka vipovu ndipo penye tundu. Ukimaliza, mwaga maji yale. Tena usiache matairi mabovu nyuma ya nyumba: yanashika maji ya mvua, na mbu wanazaa humo.

TENGENEZA HIVI

Kama ni valvu, kaza sindano yake kwa ufunguo wake. Ikiendelea kuvuja, weka mpya. Bei yake ni ndogo. Rudisha kifuniko, maana ndicho kinachozuia mchanga.

Kama ni mpira wa ndani, kausha mahali pale, paruza kwa msasa mpaka pasing'ae. Paka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka. Ngoja ikauke, hata ukigusa kwa kidole isivute uzi. Hapo ndipo uweke kiraka, ukibonyeze kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Wengi huharibu kwa haraka: wanabandika gundi ikiwa maji. Kisha jaribu tena katika beseni.

Kabla hujarudisha mpira, tafuta kilichoutoboa. Msumari ukibaki ndani ya tairi, utatoboa tena kabla ya Sake. Usipapase kwa vidole vitupu; pitisha kitambaa, nacho kitanasa kwenye ncha. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, uje dispensari uonyeshe kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Kama tairi halina mpira wa ndani, kamba ya kuzibia inayosukumwa kutoka nje ni dawa ya njiani tu, ya kukufikisha kwa fundi. Dawa kamili ni kulivua tairi, kulitazama ndani, na kuliziba kwa ndani. Tundu linalopita milimita 6, au lililo katika ubavu, halizibwi. Tairi hilo limekufa.

Kama ni janti, vua tairi, sugua kutu kwa brosi ya waya, safisha, na tazama kama imepinda. Janti iliyopasuka haitumiki tena.

MAMBO YANAYOUA

Hapa ninaomba usome mara mbili.

Tairi la kamio lenye janti ya pete linaweza kurusha pete yake kama risasi. Katika Marekani watu walikufa hivyo mpaka serikali ikatoa amri maalum mwaka 1980. Kabla ya kufungua, toa sindano ya valvu na uache upepo wote uishe. Wakati wa kujaza, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma, nawe usimame kando, si mbele, ukitumia bomba refu. Usigonge pete kwa nyundo wakati tairi lina upepo.

Tairi la kamio lililotembea likiwa na upepo chini ya asilimia 80 ya kipimo chake, usilijaze papo hapo. Nyuzi zake huenda zimekatika ndani, na linaweza kupasuka usoni mwako. Livuliwe kwanza, litazamwe.

Usiunguze wala kuchomelea janti yenye tairi juu yake, hata kama tairi halina upepo. Joto linazaa gesi, na tairi linalipuka.

Unapoinua motokari, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu mengine, na usilaze mwili wako chini yake. Watoto wakae mbali.

Usivute esanse kwa mdomo ili kusafishia mpira. Ikiingia katika mapafu, inaua. Mtu aliyeimeza asitapishwe; aletwe kwa muganga mara moja. Gundi nayo itumike pahali penye hewa, mbali na sigara na moto.

MWISHO

Mama, mume wako akisema, «Pikipiki inalegea kidogo, si kitu,» mwulize amepima lini. Kijana, unaweza kumsaidia baba kwa kopo la sabuni. Kazi hiyo haihitaji diploma. Shofere, ukimkabidhi mwenzako motokari, mwambie ni tairi gani linasumbua, na usifiche.

Siku hizi, kila Jumatatu kabla ya kuwaona wagonjwa, ninapima matairi matano ya motokari ya dispensari: manne yaliyo chini na moja la akiba. Shofere anaandika, mimi ninasoma. Kazi hiyo inachukua dakika 10. Usiku ule tulipoteza saa nne.

Safari njema, na afya njema kwenu nyote.