Nafsi Mbili za Msichana Mmoja: Usimulizi wa Majonzi ya Mapenzi katika Katuni za Marekani, 1947–1977

Jarida la Young Romance, lililobuniwa na Joe Simon na Jack Kirby mwaka 1947, huhesabiwa kuwa chanzo cha utanzu wa katuni za mapenzi nchini Marekani. Utanzu huo ulirithi mbinu yake kuu kutoka katika majarida ya maungamo, hasa True Story lililoanzishwa mwaka 1919: msichana husimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi alivyopenda, alivyokosea na alivyoumia. Hata hivyo, wengi wa waandishi na wachoraji walikuwa wanaume. Je, “mimi” anayesema humo ni nani?

Umbo la katuni lenyewe linatoa sehemu ya jibu. Kisanduku cha maelezo, ambacho aghalabu huwa juu ya picha, hutumia wakati uliopita. Hiyo ni sauti ya msichana aliyekwisha kuupitia mkasa na kuuelewa. Viputo vya usemi na vya mawazo hutumia wakati uliopo. Hiyo ni sauti ya msichana yuleyule angali gizani. Kiputo kinaposifu uaminifu wa mpenzi, kisanduku huweza kumdokezea msomaji kwamba sivyo. Kejeli huzaliwa katika pengo hilo. Muhimu zaidi, majonzi husomwa yakiwa na kikomo, kwa kuwa anayeyasimulia ameyavuka.

Mwaka 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni ya maadili iliyotaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya familia na utakatifu wa ndoa. Chini ya masharti hayo, kisanduku kilikuwa mahali pepesi pa kupachika mawaidha: nafsi iliyokomaa iliweza kuikemea nafsi changa. Lakini ili kosa likemewe, sharti kwanza lionyeshwe. Hivyo shauku na ukaidi wa msichana viliendelea kuonekana katika viputo na katika sura yake.

Uhusiano huo hupotea fremu moja inapong’olewa katika mfuatano wake. Mchoro wa Roy Lichtenstein, Drowning Girl (1963), ulitokana na hadithi iliyochorwa na Tony Abruzzo katika Secret Hearts, toleo la 83, la mwaka 1962. Katika fremu ya awali, mwanamume yumo nyuma ya msichana, ameshikilia mashua iliyopinduka, naye msichana anataja kwamba misuli imemkaza. Lichtenstein aliondoa mwanamume, mashua na mkazo wa misuli. Aliyebaki ni msichana anayezama katika machozi, bila chanzo cha masaibu wala kesho ya kuyasimulia.

Taswira hiyo ya jumba la sanaa ndiyo iliyoenea, hata baada ya Young Love, mojawapo ya majarida ya mwisho ya utanzu huo, kukoma mwaka 1977. Kwa hiyo, uhakiki unaoanzia kwenye fremu moja humhukumu msichana kwa machozi yake pekee. Usomaji wa mfuatano mzima humrejeshea nafsi yake ya pili, ile inayosimulia, pamoja na utata wa nani aliyeiandikia maneno.