Tinubu: Alishindwa Lagos, akaichukua Nigeria

Alfajiri ya Machi 1, 2023, Bola Tinubu alitangazwa mshindi wa urais wa Nigeria kwa kura 8,794,726, takriban asilimia 37. Lakini Lagos, jimbo aliloliongoza kwa miaka minane akiwa gavana, lilimpa kisogo: Peter Obi alimpita kwa kura zisizofika 10,000.

Ramani iligawanyika. Tinubu alishinda majimbo 12, Atiku Abubakar 12, Obi 11 pamoja na Abuja, na Rabiu Kwankwaso akabaki na Kano yake.

Kwa Katiba ya Nigeria, kuongoza kwa kura hakutoshi. Mshindi lazima apate robo ya kura katika angalau theluthi mbili ya majimbo 36 na Abuja. Tinubu alifikisha robo katika majimbo 29, ila Abuja aliikosa. Wapinzani walidai bila Abuja hakuna ushindi. Oktoba 26 Mahakama ya Juu ikayatupa madai yao.

Wakenya wanalijua sharti hilo: kwao ni robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Shabaha ni moja, mtu asiingie Ikulu kwa kura za kwao tu. Tinubu aliingia bila kushinda hata kwao.