NAKALA ZILIZODUMU KULIKO ASILI

Watu wengi hudhani kwamba nakala ya picha ni kitu duni. Picha mbili zilizomo katika jumba la makumbusho la Prado, mjini Madrid, Hispania, zaonyesha kwamba si hivyo sikuzote.

Mwaka 1618 mji wa Antwerp, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, uliwatunukia watawala wake, Albert na mkewe Isabella, picha mbili kubwa za rangi. Mafundi kumi na wawili walishirikiana kuzichora, wakiongozwa na Jan Brueghel. Zilikuwa picha za mafumbo: hisi tano za mwanadamu zilionyeshwa kwa sura za wanawake. Katika ya kwanza walikuwamo Kuona na Kunusa, kati ya michoro na maua. Katika ya pili Kuonja, Kusikia na Kugusa, kati ya vyakula na vinanda.

Yapata mwaka 1620 zilichorwa nyingine mfano wa zile, nazo zikaingia katika hazina ya wafalme wa Hispania. Mwaka 1731 moto uliteketeza jumba la watawala mjini Brussels, na zile picha za kwanza zikawa majivu. Mwaka 1734 jumba la wafalme mjini Madrid nalo liliungua. Lakini nakala hizo zipo hata leo, na kila mtu aweza kuzitazama.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Mwenye hati ya shamba au cheti cha shule na afanye nakala, naye aiweke chini ya paa jingine.